Naomba ushauri: minyoo imerudi kwa mtoto wa mbwa

Ndugu wanachama, salaam. Naomba ushauri wenu kuhusu mtoto wa mbwa wa kienyeji, mwenye umri wa wiki 10 na uzito wa kilo 3, tuliyemchukua hivi karibuni hapa Morogoro. Tumbo lake limevimba ingawa mbavu zinaonekana, na katika kinyesi chake hutoka minyoo mirefu myeupe, mithili ya tambi zilizopikwa. Anakula vizuri, wala hatapiki, lakini fizi zake zimepauka, jambo linalonitia hofu kubwa kwamba huenda ana minyoo ya safura pia, kwa kuwa hiyo hufyonza damu.

Daktari wa mifugo alimpa pairanteli kulingana na uzito wake, minyoo mingi ikatoka, lakini baada ya wiki 2 imeonekana tena. Naelewa kwamba dawa hiyo huua minyoo iliyo utumboni, haiyafikii mabuu yanayosafiri mwilini.

Je, nirudie dawa ileile, au nimwombe daktari ambadilishie fenbendazoli ya siku 3 mfululizo? Na kwa kuwa watoto wangu wadogo huchezea uani, ambako mayai ya minyoo hii huweza kuwaambukiza, udongo wa mahali anapojisaidia niushughulikie vipi?