Brigedia, jaji, kasisi: Augustino Ramadhani ni mtu mmoja?

Swali: Wakuu, heshima kwenu. Nasoma sheria mwaka wa pili. Mzee nyumbani anasema Jaji Mkuu mstaafu Ramadhani alikuwa pia brigedia na kasisi. Ananitania?

Jibu 1: Hakutanii. Mzaliwa wa Unguja, 1945. Alivaa kombati za JWTZ, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha wa Tanzania 2007 hadi 2010. Ukasisi wa Anglikana ulikuja baada ya kustaafu. Alifariki Aprili 2020.

Jibu 2: Dogo, vyeo weka pembeni, kasome kesi ya Mchungaji Mtikila ya mgombea binafsi, yaani haki ya kugombea uongozi bila kupitia chama. Mimi niliisoma kwenye fotokopi iliyofifia, daladala ya Mwenge, nikapitiliza kituo. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba wakiongozwa na Ramadhani, ilisema hilo ni la Bunge, si la mahakama. Sikukubaliana nayo, na hadi leo sikubaliani. Mtikila akaenda Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, Arusha, akashinda 2013. Na Ramadhani alikuwa tayari jaji hukohuko! Hakuketi kwenye kesi hiyo, maana jaji hasikilizi shauri la nchi yake. Mwaka uliofuata akawa rais wa mahakama hiyo.

Muulizaji: Duh. Kumbe mzee alikuwa sahihi, na mimi nilishamcheka mbele ya wageni.

Jibu 2: Kamwombe radhi, na umpelekee kahawa.