Mrejesho: Handbreki ya Mazda MX-5 ya 1994

Wakuu, swali langu lilikuwa handbreki kupanda mpaka juu kabisa bila kushika vizuri. Wengi mlisema nikaze waya. Waya haukuwa na kosa. Kalipa za nyuma (vifaa vinavyobana pedi za breki kwenye diski) ndizo zilizohitaji kurekebishwa.

Gari lizuiwe magurudumu ya mbele, nyuma liinuliwe na kukaa juu ya stendi, handbreki iwe imeachiwa. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya kifuniko, spana namba 14. Itoe, ndani utakuta tundu la aleni (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4. Zungusha kufuata mshale wa saa mpaka gurudumu ligome, kisha rudisha theluthi moja ya mzunguko. Gurudumu lizunguke kwa mkono, pedi zikigusa diski kwa mbali tu. Ukiacha pamebana, diski itachemka na pedi zitaisha upesi. Rudia upande wa pili, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa, kisha pima tena.

Sasa handbreki inashika kwenye mlio wa 6 (ule mlio wa "ta" unaposikika ukiivuta). Tafadhali msianze na waya: ukikazwa kupita kiasi, mkono wa kalipa (unaovutwa na waya) haurudi mwisho wake, na kalipa inashindwa kujirekebisha yenyewe pedi zinapolika.