Ndege ilichelewa Frankfurt, nikaachwa na ya Kigoma: je, nisaini kupokea vocha?

Binti Ujiji:
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri kabla sijaharibu. Siku 12 zilizopita nilikuwa narudi kutoka mafunzoni Ujerumani, kwa tiketi moja ya Frankfurt hadi Dar es Salaam yenye kubadilisha ndege katika nchi iliyo nje ya Ulaya, na shirika lenyewe pia si la Ulaya. Pale Frankfurt tulikalishwa ndani ya ndege muda wa saa mbili na nusu, rubani akitangaza kuwa kuna hitilafu ya kiufundi, na tulipofika mahali pa kubadilisha, ndege ya Dar ilikuwa imekwisha kuondoka. Nilipewa wali kwa kuku na nafasi katika ndege iliyofuata, nikafika Dar nikiwa nimechelewa kwa saa 9.

Tiketi ya Kigoma nilikuwa nimeikata peke yake, kwa shirika la hapa nchini, na ndege hiyo iliruka nikiwa bado angani. Nililala nyumba ya wageni siku mbili, nikalipa nauli upya, na begi langu lilitoka kwenye mkanda likiwa limekatika gurudumu. Sasa wameniandikia kwamba watanipa vocha ya dola 150 ya kutumia katika safari nyingine, mradi nisaini fomu inayosema kuwa sina dai lingine lolote. Jirani yangu ananihimiza nisaini upesi wasije wakaghairi.

Kijana wa Ipuli:
Pole sana dada. Mimi ndege yangu ya Tabora kwenda Dar ilifutwa mwaka jana nikiwa nimekwisha kupima mizigo, nikabadilishiwa tarehe bila hata kikombe cha chai. Isitoshe, nijuavyo mimi, sheria ya Ulaya inayabana mashirika ya Ulaya tu. Chukua hiyo vocha.

Mzee wa Gungu:
Binti yangu, usisaini. Kijana wa Ipuli amesema nusu ya ukweli, maana uraia wa shirika huangaliwa pale ndege inapotoka nje kuingia Umoja wa Ulaya. Inapoondoka katika kiwanja kilichomo ndani ya Umoja huo, Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 humlinda abiria wa shirika lolote lile. Kubadilisha ndege nje ya Ulaya hakuvunji ulinzi huo, kwa sababu mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilihukumu, katika shauri la abiria aliyetoka Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca, kwamba safari iliyokatwa kwa pamoja huhesabiwa kuwa safari moja. Kinachopimwa ni saa uliyofika mwisho wa safari, yaani Dar, na kuchelewa kwa saa 3 au zaidi kunatosha kudai fidia.

Frankfurt na Dar zimeachana kwa zaidi ya kilomita 3,500, kwa hiyo kiwango chako cha fidia ni euro 600, na wali uliokula haupunguzi hata senti. Hiyo hitilafu ya kiufundi isikutishe: tangu mwaka 2008 Mahakama hiyo imeshikilia kuwa ubovu wa kawaida wa ndege ni mzigo wa shirika, tofauti na dhoruba au amri ya waongoza ndege. Halafu kanuni yenyewe inataka fidia ilipwe kwa fedha, na vocha huruhusiwa tu abiria akikubali kwa saini yake. Ndiyo maana wanaitafuta saini yako kwa bidii hivyo!

Binti Ujiji:
Ahsante sana mzee. Vipande vyote viwili vya pasi ya kupandia ndege ninavyo, nilivifanya alama ya kitabu. Je, nauli ya Kigoma na begi?

Mzee wa Gungu:
Hayo yanaangukia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, ambao Tanzania imo. Nauli na malazi unaweza kuyadai kama hasara iliyotokana na kuchelewa, ukiambatanisha risiti, ingawa shirika linaweza kutaka yakatwe katika zile euro 600. Muda wa kwenda mahakamani chini ya mkataba huo ni miaka 2. Kuhusu begi, nasikitika: uharibifu hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kulipokea, nawe unasema zimepita 12. Kama uliandikiwa ripoti palepale uwanjani, itafute, kwani hiyo inaweza kukuokoa.

Kijana wa Ipuli:
Nimesahihishwa, na nimekubali. Na mimi wa Tabora?

Mzee wa Gungu:
Wewe, kijana, safari yako ilikuwa ya ndani tupu, kwa hiyo Ulaya na Montreal hazikuhusu. Liandikie shirika kwanza, na wakikaa kimya peleka barua hiyohiyo kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za anga, TCAA-CCC, ambalo kazi yake ni kuwasemea abiria.

Binti, jambo moja dogo ambalo huwakwamisha wengi: fomu za madai za Ulaya huuliza IBAN, yaani namba ya akaunti ya benki ya mfumo wa kimataifa, na benki zetu hazina. Andika namba ya akaunti pamoja na msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki yako kimataifa, na ueleze hivyo katika barua yenyewe wasipate kisingizio.