Ushauri: mama ameambiwa awekewe bega bandia la "kinyume"

Kitinda_Mimba: Wakuu, naomba mwongozo. Mama ana miaka 71 na bega la kulia linamtesa. Usiku halali, akiligeukia tu anashtuka. Kuchana nywele mpaka mkono wa kushoto uunyanyue wa kulia. Dawa, mazoezi na sindano vyote amepitia, nafuu inakuja na kuondoka. Eksirei inaonyesha mifupa inasagana, MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili) inaonyesha kano, zile nyuzi zinazofunga misuli kwenye mfupa, zimechanika. Daktari anataka kumwekea bega la kinyume. Kaka anauliza kwa nini asiwekewe la kawaida, shangazi anasema umri umekwenda, aachwe. Nisimame wapi?

Fizio_Mstaafu: Pole kwa kuuguza. Picha mbaya peke yake haimpeleki mtu kwenye upasuaji. Nimewaona wenye eksirei za kutisha wanaofanya shughuli zao bila shida. Kinachoamua ni maumivu, usingizi na kazi za mkono baada ya tiba nyingine kushindwa. Kwa maelezo yako, mama amefika hapo. Miaka 71 si kikwazo kama moyo, mapafu na sukari viko sawa.

Sasa la kaka yako. Bega la kawaida linaiga la asili: kichwa cha chuma juu ya mfupa wa mkono, kikombe cha plastiki ngumu kwenye fupa la bega. Linahitaji kano nzima, maana ndizo zinazokizuia kichwa kisipande juu. Zikiwa zimechanika vibaya, kichwa kinapanda na kikombe kinalegea mapema. La kinyume linabadilisha nafasi: tufe linafungwa kwenye fupa la bega, kikombe kinakaa upande wa mkono. Hapo deltoidi, ule msuli mnene unaofunika bega, ndio unaonyanyua mkono badala ya kano. Mfaransa Paul Grammont ndiye aliyebuni muundo wake wa kisasa, miaka ya 1980. Muulizeni daktari kama deltoidi na neva yake ni nzima. Msuli huo ukiwa umekufa, la kinyume halitamsaidia.

Mzee_wa_Plasta: Ipo pia nusu, anabadilishiwa kichwa tu, kikombe chake kinabaki. Mimi niliwekewa hiyo baada ya kuanguka, mfupa ulipasuka vipande vipande. Maumivu yaliisha, ila mkono haupandi juu ya bega. Siku hizi wazee wenye mvunjiko kama wangu wengi wanapewa la kinyume.

Nuru_ya_Asubuhi: Langu limeganda tu, nami nibadilishwe?

Fizio_Mstaafu: Hapana dada. Bega lililoganda huachia polepole kwa mazoezi, pengine na sindano.

Kitinda_Mimba: Asante mkuu, kaka nimemwonyesha, amenyamaza. Ila sindano ya mwisho alichomwa mwezi uliopita. Ina shida?

Fizio_Mstaafu: Hilo mwambieni daktari kabla hajapanga tarehe. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya miezi 3 kabla ya upasuaji huongeza hatari ya maambukizi, na bega bandia likiingia vijidudu ni kazi kulisafisha, wakati mwingine linatolewa kabisa. Na baadaye mkono utaning'inizwa kwenye kitambaa shingoni wiki 4 hadi 6. Muda huo asijisukume kwa mkono huo anapoinuka kitini, wala asiupeleke mgongoni. Ndivyo la kinyume linavyochomoka.