Tanga hadi Dar kwa ndege ni kilomita ngapi, dakika ngapi? Naombeni ushauri

Mchumbageni: Wakuu, habari za jioni. Uwanja wa Tanga hadi wa Dar kwa ndege ni mbali kiasi gani? Nasafiri wiki ijayo na roho haijatulia.

Fundi Ramani: Kilomita 198 hivi. Tanga ipo nyuzi 5.09 kusini, Dar 6.88, na longitudo zinakaribiana, kwa hiyo chukua tofauti, nyuzi 1.79, zidisha kwa 110.6, ambazo ni kilomita za nyuzi moja. Caravan, ndege ndogo ya injini moja, huenda kama kilomita 300 kwa saa, basi ni dakika 40 angani. Ongeza 10 za kupanda na kujipanga kutua.

Raskazone: Panda basi stendi ya Kange, Tanga, alfajiri. Kilomita 350 kupitia Segera na Chalinze, mchana uko stendi ya Mbezi, Dar. Watu wanapenda sifa za ndege.

Fundi Ramani: Ndugu, dakika 40 hazimnyimi mtu usingizi. Unaunganisha ndege nyingine?

Mchumbageni: Ndiyo, ya nje, saa 3 usiku. Tiketi mbili tofauti, zote nimeshalipa. Ya Tanga inaondoka saa 10:30 jioni, inafika 12:15. Muda naona unatosha, na basi linachosha.

Ngamiani Kati: Kilomita 198 kwa saa 1 na dakika 45? Uzi wa kutunga huu.

Fundi Ramani: Haukutungwa. Hiyo inapita Pemba na Unguja: Tanga–Pemba 84, Pemba–Unguja 125, Unguja–Dar 73, jumla 282. Angani ni kama saa 1 na dakika 10, na kila kituo hula dakika 15 hadi 20. Hesabu inakubali. Ila Pemba ikichelewa, vyote vya mbele vinachelewa, na kwa tiketi mbili shirika la pili halina deni nawe. Kaunta hufungwa kama saa 1 kabla, yaani saa 2 usiku. Ndege ndogo zikishukia Jengo la 1 la abiria uwanjani Dar, utahitaji gari kwenda la 3, la ndege za nje. Mzigo kilo ngapi?

Pwani Tupu: Hivi Tanga–Pemba peke yake wanauza kiti?

Mchumbageni: Kilo 38. Nitalipia zilizozidi.

Fundi Ramani: Hapo ndipo penye hatari. Kulipia hakukupi nafasi. Caravan hupimwa abiria, mafuta na mizigo kwa pamoja. Ikijaa, kilo zilizozidi 15 hubaki zije na ndege nyingine, nawe utasimama kaunta ya nje bila begi.

Raskazone: Ndiyo maana nikasema basi.

Mchumbageni: Tiketi hairudishwi, siwezi kuitupa.

Fundi Ramani: Usiitupe. Uliza leo kama wanaweza kukuhamishia ndege ya asubuhi. Wakikataa, begi kubwa litangulie na basi siku moja kabla, lipokelewe Mbezi na mtu wako, alilete Jengo la 3 saa 12 jioni. Wewe beba begi laini la kilo 15. La magurudumu magumu haliingii vizuri tumboni mwa ndege ile.

Mchumbageni: Binamu yupo Kimara. Nampigia sasa hivi.