Watoto kutwanga kinu Makumbusho: ni somo la historia au ni michango tu?

Mama Darasa la Nne
Wadau, habari za jioni. Wiki iliyopita mwanangu alipelekwa na shule Kijiji cha Makumbusho, pale Barabara ya Bagamoyo. Hawakutembezwa tu. Walitwanga mpunga kwenye kinu, wakapepeta kwa ungo, wakafundishwa kusuka ukili, wakaingia ndani ya msonge wa Kihaya na tembe la Kigogo na kuulizwa kwa nini paa la tembe ni bapa. Amerudi ananiuliza bibi yangu alilala nyumba ya aina gani, na nikagundua sijui kumjibu vizuri. Mtoto huyuhuyu daftari lake la Historia ya Tanzania na Maadili, lile somo lililoanza 2024, limejaa maneno aliyonakili ubaoni, hawezi kunieleza mstari mmoja. Sasa grupu la wazazi linawaka moto. Wengine wanasema mchango wa safari ulikuwa wizi na watoto walienda kucheza. Mimi nasema ziara za namna hii ziwe lazima kwa kila shule ya Dar. Nipeni mawazo.

Mwalimu wa Mbagala
Dada, nakuunga mkono kwa moyo wote, ila njoo darasani kwangu. Nina watoto 118. Mchango wa lazima haturuhusiwi kumtoza mzazi, na basi la kukodi halikubali maneno matupu. Ukisema ziwe lazima bila kusema nani analipa nauli, watakwenda watoto wa shule za kulipia na wangu watabaki wananakili ubaoni. Kwangu mimi swali ndilo hilo.

Mkazi Mbezi
Tangu lini kutwanga kukawa historia? Kwetu Rombo wapo wanaotwanga mpaka leo. Historia ni tarehe, mikataba na vita. Isitoshe, mtoto wa Dar ana historia gani ya kufundishwa? Mji kauanzisha Sultani Majid miaka ya 1860, kabla ya hapo ni pori na wavuvi wawili watatu. Kila mtu hapa ana kwao. Likizo mpeleke mtoto kwao akamwone babu yake, atatwanga bure.

Mwana Mzizima
Wewe wa Mbezi, pori la nani? Nenda Kunduchi ukaone msikiti wa mawe uliobaki magofu, na makaburi yenye minara iliyopachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Majid hajazaliwa, watu wa pwani hii wanafanya biashara na ng'ambo. Mzizima, kijiji kilichokuwa hapa kabla ya Dar, kilikuwa na Washomvi wake, na nyuma yao Wazaramo na Pazi, mtawala wao. Wazee wanasimulia kwamba Wakamba walipowasumbua Washomvi, aliyeitwa kuwafukuza ni Pazi. Majid alikuta watu. Akafa 1870, ndugu yake Barghash akayaacha majengo ya Majid yaote majani. Waliobaki wanalima na kuvua ni nani kama si babu zangu? Kila siku mtu ananiuliza kwetu wapi, nikisema Dar ananiangalia na kuuliza tena, "Hapana, kwenu kabisa?" Nimechoka. Kwetu kabisa ni hapa!

Mkazi Mbezi
Umepandisha hasira bure, ndugu. Sijataja kabila la mtu, nimesema mji. Na kama historia yenu ipo, mbona mtoto akipita Posta anaona majengo ya Mjerumani na ile sanamu ya Askari aliyoiacha Mjerumani? Babu yako anamwona wapi?

Mjukuu wa Mpagazi
Sanamu ya Askari ni ya Mwingereza, 1927. Ya Mjerumani ilikuwa ya Wissmann, gavana wao, na Mwingereza aliing'oa alipouchukua mji kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Kaka, shuka siku moja pale Samora usome maandishi ya chini. Kiswahili kipo, kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini, na wapagazi wametajwa kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Halafu inua macho: juu yupo askari na bunduki yake, peke yake. Mpagazi alichoachiwa ni jina la mtaa. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, kambi yao ilikuwa palepale. Maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Watu wanapigania fremu Kariakoo na hawajui wamekanyaga wapi. Mimi ningepewa darasa la nne ningewabebesha mzigo kichwani kutoka Mnazi Mmoja hadi Gerezani, kisha niwaambie wenzenu walitembea hivi miezi. Hawatasahau mpaka wanazeeka.

Baba Tabata
Umbebeshe mwanangu mzigo juani Kariakoo? Jaribu uone. Nitakufuata mpaka hapo shuleni.

Mjukuu wa Mpagazi
Mwanao anabeba begi la madaftari kumi na mawili kila asubuhi na hujamfuata mtu. Ukinielewa sawa, usiponielewa basi.

Baba Tabata
Begi lina faida! Huko kwenu mizigo ndiyo elimu?

Mama Darasa la Nne
Jamani, tumetoka nje ya mada. Niliuliza watoto wafundishweje, sasa mnafuatana majumbani. Ila Mwana Mzizima umenigusa. Pale Kijijini nyumba ya Wazaramo ipo, mwanangu aliingia. Alivyonisimulia, kwake ilikuwa nyumba ya watu wa mbali, kama lile tembe la Dodoma. Hakujua kwamba ni ya watu wa mji huuhuu anaoishi. Hilo hawakumwambia, na mimi mwenyewe sikumwambia.

Mwana Mzizima
Dada, hapo ndipo panaponiuma. Tunawekwa kwenye Kijiji kama watu waliopita, na tupo. Mjomba wangu Kunduchi mpaka leo anachonga ngalawa. Anajua mti upi unafaa mtumbwi na upi unafaa mrengu, ule wa pembeni unaozuia ngalawa isipinduke, na mkono wake haupimi kwa futi. Watoto waje kwake wakamate shoka, waulize. Mwaka mzima hajawahi kuona mwalimu hata mmoja pale ufukweni.

Mkazi Mbezi
Ngalawa naikubali, ni ufundi. Lakini ufundi ni ufundi, historia ni historia. Kwenye mtihani wataandika mrengu?

Mwalimu wa Mbagala
Wakiulizwa vizuri wataandika. Mwana Mzizima, nimeshafanya hesabu ya kuwatoa watoto wote Mbagala kuwafikisha Kunduchi, siwezi. Mjomba wako anaweza kupanda daladala na shoka lake akaja kwetu siku moja? Gogo nitatafuta mimi, na nauli ya mtu mmoja naitoa mfukoni mwangu.

Mwana Mzizima
Nitamuuliza leo usiku, mwalimu. Atakuja, namjua. Lakini yule wa Mbezi kwanza alifute lile neno pori.