Mrejesho: Fangasi kwenye asali ya Itigi

Wakuu, nilikuja hapa na asali ya Itigi iliyokuwa ikitoa povu, na fangasi walioota maabara huku Dodoma nisijue yupi ni yupi. Asanteni, mambo yamekaa vizuri.

Kuzimua asali kwa maji yenye glukosi badala ya maji matupu ndiko kulikofungua njia. Hamira (fangasi wa seli moja wanaochachusha) zilizozoea sukari nyingi zikitumbukizwa ghafla kwenye maji matupu nyingi hufa, na hesabu ya zilizomo kwenye asali inadanganya. Sasa nina makoloni ya rangi ya maziwa, laini, yanayong'aa. Kwenye hadubini seli zinachipua pande zote, na zinaota hata kwenye agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) ya glukosi asilimia 50. Nahisi ni Zygosaccharomyces, jenasi ya hamira zinazostahimili sukari nyingi, ila spishi sitaji kabla majibu ya DNA hayajarudi.

Mkuu aliyesema nitumie selotepu, ubarikiwe! Unagusisha kwenye ukungu, unabandika juu ya tone la rangi ya buluu, unatazama. Wa kijani una vijiti kama ufagio: Penicillium. Mweusi una kichwa cha mviringo: Aspergillus. Hawa kwenye povu siwashtaki, spora zao hulala tu humo.

Mwenye kesi ni maji: yakizidi kwenye asali, hamira hupata nafasi ya kuichachusha, ndipo povu. Refraktomita (kipimo cha maji kwenye asali) ilisoma asilimia 22, na Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, inataka yasizidi 20. Mrinaji kakubali mwenyewe kwamba masega mengi aliyavuna hayajazibwa nta, yaani asali haijakomaa.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma bado sijaigusa. Ile ina maji mengi kwa asili, kuipima kwa 20 ni kuionea.